Kutazama Viota kwa Kamera: Huruma Yetu Ielekee Wapi?



Juma hili baadhi ya wazazi wa parokia yetu wametuletea swali ambalo miaka thelathini iliyopita lisingeweza hata kuulizwa. Watoto wao, kwa njia ya simu za mkononi, hutazama viota vya ndege wa porini vilivyoko Marekani, Ulaya na Afrika Kusini, vikionyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti mchana na usiku. Watoto walimwona tai akiwalisha makinda wake, wakafurahi. Kisha wakamwona kinda mkubwa akimdonoa ndugu yake mdogo hata akafa, wakalia, na mmoja wao akakataa chakula cha jioni. Wazazi wanauliza mambo mawili. Je, ni vema kuwaachia watoto waone hayo? Na je, wale wenye kamera hawana lawama, kuketi wakitazama kiumbe kinakufa ilhali wanao uwezo wa kupanda juu na kukiokoa?

Maswali hayo si madogo. Tutayajibu yote mawili, ingawa la pili ndilo litakalotuchukua muda mrefu zaidi.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe, kwa kuwa si wote waliokiona. Kamera ndogo hufungwa mtini karibu na kiota wakati ndege hawana mayai wala makinda, ili wasishtuke wakakihama. Usiku hutumika mwanga usiosumbua macho ya ndege, na umeme mara nyingi hutoka kwenye mitambo ya jua. Baada ya hapo binadamu hapandi tena mpaka msimu wa kuzaa upite. Mtazamaji wa Mbeya na yule wa Chicago huona jambo lile lile kwa wakati ule ule, na hakuna hata mmoja wao anayekikaribia kiota kwa hatua moja. Mwaka 2011 kiota cha tai cha Decorah, katika jimbo la Iowa, kilitazamwa zaidi ya mara milioni 100, na tangu hapo viota vyenye kamera vimekuwa vingi mno.

Kinachojulikana zaidi siku hizi kiko Big Bear, katika milima iliyo mashariki ya Los Angeles, jimbo la California. Kiota hicho kiko juu ya msonobari, yapata meta 44 kutoka ardhini, na kamera zake hutunzwa na chama cha wenyeji kiitwacho Friends of Big Bear Valley. Watazamaji wanawafahamu tai wake wawili, jike na dume, kwa majina ya Jackie na Shadow. Ni tai wa Marekani wenye vichwa vyeupe, wale wale wanaoonekana katika nembo ya taifa hilo. Mwaka 2024 Jackie alitaga mayai matatu mwezi Januari. Theluji ikaanguka, yeye akakaa. Ikamfunika mgongo mpaka kichwa peke yake kikawa kinaonekana, naye akakaa, zaidi ya siku mbili mfululizo bila kuinuka kwenda kula. Siku za kawaida za kuangua zikapita, na mayai hayakuanguliwa. Wale tai wawili waliendelea kuyaatamia kwa majuma mengine, na watu wa dunia nzima wakawatazama wakiatamia mayai yasiyo na uhai.

Mwaka 2025 mayai matatu mengine yalitagwa, na mwezi Machi yote matatu yakaanguliwa. Kabla ya Machi kwisha ikaja dhoruba ya theluji, na asubuhi yake kamera ilionyesha makinda wawili tu. Hao waliobaki wakapewa majina na watoto wa shule ya msingi ya hapo bondeni, Sunny na Gizmo, na mwezi Juni wakaruka kutoka kiotani.

Tumeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu ndani yake imo faida ambayo tusingependa kuipuuza kabla ya kufika kwenye lawama. Watu wa siku hizi tumezoea habari inayokwisha kwa dakika moja. Kiota hakikubali. Kwa saa nyingi hakuna linalotokea isipokuwa upepo katika manyoya na yai kugeuzwa. Katika parokia yetu yuko bibi mmoja asiyeinuka kitandani tangu mwaka juzi, na mjukuu wake humwekea kiota hicho kwenye simu mezani karibu na mto wake. Kwetu ikiwa asubuhi kwao ni usiku, hivyo mara nyingi haoni kitu ila ndege amelala. Tulipomtembelea alituuliza swali moja tu: huyo mama atakula saa ngapi? Tukamweleza kwamba dume naye hupokea zamu ya kuatamia, jike akaenda kutafuta chakula. Alicheka sana, akasema jambo juu ya marehemu mume wake ambalo halifai kuandikwa hapa.

Sasa tuje kwenye kifo.

Kwa miaka mingi kamera ilielekezwa kwenye kiota cha tai weusi wa milimani huko Roodekrans, kando ya Johannesburg, katika jabali lililo ndani ya bustani ya mimea ya Walter Sisulu. Tai wa aina hiyo si wageni kwetu. Wanaishi pia katika majabali ya Kenya na Tanzania, na chakula chao kikubwa ni pimbi. Jike hutaga mayai mawili, la pili likifuata baada ya siku zipatazo nne. Kinda wa kwanza hutoka mapema, akala, akapata nguvu. Wa pili anapotoka, yule wa kwanza humdonoa, tena na tena, mpaka afe. Hili si jambo la mara moja moja. Kwa tai hawa ndiyo kawaida, na makinda wote wawili kukua ni jambo adimu sana. Mtafiti Valerie Gargett, aliyewachunguza tai hawa kwa miaka mingi katika milima ya Matobo nchini Zimbabwe, alihesabu katika kiota kimoja madonoo 1,569 ambayo kinda mdogo aliyapata katika siku tatu za maisha yake. Wala sababu haikuwa njaa, maana nyama ya pimbi ilikuwa tele. Wataalamu wengi husema yai la pili ni akiba tu: la kwanza likiharibika, la pili lipo, na likianguliwa salama, akiba haihitajiki tena.

Tabia hiyo wataalamu wameipa jina la Kaini, yule mwana wa Adamu aliyemwua Habili nduguye. Jina hilo linashika masikio, lakini kwa maoni yetu linapotosha, na wazazi wafahamu kwa nini. Kaini alijua alichokifanya. Alionywa, akachagua, akaulizwa, akajibu kwa kiburi. Kinda wa tai hakuonywa na mtu wala hakuchagua kitu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikutana na watu waliodhani kwamba kabla ya anguko la Adamu wanyama wakali walikuwa wapole. Katika Summa Theologiae aliikataa rai hiyo, akitaja simba na ndege mbuai kama mifano, na kueleza kwamba dhambi ya mtu haikuyageuza maumbile ya wanyama. Tai alikuwa tai tangu mwanzo. Mtu akisema kinda huyo ni mwovu, amemtwika mzigo asioweza kuubeba. Hatari zaidi ni kwamba ameufanya uovu wa binadamu uonekane kama mambo ya maumbile tu.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: ndiyo, watoto na watazame, ila wasitazame peke yao. Mtoto wa kijijini aliyemwona kuku akimkanyaga kifaranga wake, au mbuzi akimkataa mwanawe, amekwisha kuona mambo ya namna hii, na bibi yake alikuwepo jikoni kumjibu. Simu haimjibu mtoto. Mzazi aketi naye, amwambie kwamba yule mdogo amekufa kweli wala hatarudi, na kwamba yule mkubwa hana kosa. Yale maneno ya juu juu ya kumtuliza mtoto, kwamba amelala tu, tusiyaseme. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita au saba tungeshauri asubiri kidogo, lakini mzazi anamjua mwanawe kuliko sisi.

Tunachokiona kigumu zaidi ni machozi ya watu wazima, kwa kuwa hayo hugeuka hasira upesi.

Huko Woods Hole, katika jimbo la Massachusetts, taasisi ya utafiti wa bahari ilikuwa na kamera kwenye kiota cha mwewe mla samaki. Mwaka 2014, na tena mwaka uliofuata, jike aliwashambulia makinda wake mwenyewe na kuacha kuwalisha. Watazamaji waliandika barua nyingi wakidai makinda waondolewe, na baadhi yao waliwatukana wenye kamera na yule ndege pia, kana kwamba ni mwanamke anayestahili kushtakiwa. Ilipofika mwaka 2016 kamera ile haikuwashwa. Mwaka huo huo wa 2016, mjini Pittsburgh, tai walileta paka kiotani wakawalisha makinda wao. Wale wale waliokuwa wakifurahia kila samaki aliyeletwa wakaingiwa na uchungu mkubwa, kana kwamba samaki si kiumbe.

Kisa cha Minnesota kinafundisha zaidi. Mwezi Mei 2014 idara ya maliasili ya jimbo hilo ilionyesha kiota cha tai chenye makinda watatu, na mmoja wao, ambaye watazamaji walimwita Snap, akaonekana kuwa na bawa lisilofanya kazi. Msimamo wa idara ulikuwa kutoingilia. Simu na barua zikazidi, na hatimaye watu walipandishwa wakamteremsha. Waganga wa ndege walikuta bawa limevunjika vibaya na ugonjwa umeenea mwilini, hakuna la kufanya. Wakamwua ili asiteseke. Tunajiuliza ni nani aliyeponywa siku ile. Kinda hakupona. Waliopata nafuu ni watazamaji, kwa kuwa sasa kulikuwa na jambo lililofanyika. Na gharama haikuwa ndogo, maana mtu anapopanda kiotani makinda wengine wanaweza kuruka kabla ya wakati na kuanguka, na wazazi wanaweza kukihama kiota. Ndiyo maana sheria ya Marekani inayowalinda tai hao tangu mwaka 1940 haimruhusu mtu yeyote kuwagusa bila kibali, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Wapo watakaotujibu kwa hoja yenye uzito. Watasema: padre, aliyeona ana wajibu. Zamani kinda alikufa msituni pasipo shahidi, leo kamera imetufanya mashahidi, na shahidi asiyetenda ana hatia. Yule Msamaria hakupita kando akisema haya ni mambo ya maumbile. Tunaiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo aliyelala njiani kuelekea Yeriko aliangushwa na mikono ya watu, wala si na theluji. Hapo ndipo tunapouona mpaka, na yako matukio yanayouonyesha vizuri.

Tarehe 26 Aprili 2011, katika uwanja wa ndege wa Norfolk, jimbo la Virginia, ndege iliyokuwa ikitua ilimgonga tai jike akafa. Kiota chake kilikuwa katika bustani ya mimea iliyo jirani na uwanja, chini ya kamera, na maelfu ya watu walikuwa wakiwatazama makinda wake watatu. Wataalamu walipima wakaona kwamba dume peke yake huenda asiweze kuwalisha wote. Kesho yake makinda waliteremshwa wakapelekwa katika kituo cha kutibu wanyamapori, wakalelewa huko, na mwezi Julai wakaachiwa huru. Watu wakauliza: mbona Norfolk walipanda upesi, na Minnesota walisitasita? Sisi twaona jibu liko wazi. Norfolk kiota kilivunjwa na chombo chetu, nasi tulikuwa na deni. Minnesota hakuna aliyejua mkono wa binadamu ulikuwa umefanya nini, ila kulikuwa na uchungu wa kutazama.

Basi mtu anayetazama kiota na kuona ubaya umetokea, ajiulize kwanza ni mkono wa nani. Ikiwa ni theluji, kunguru, njaa au ndugu mkubwa, na avumilie, aombe kama ana desturi ya kuomba, akaendelee na kazi zake. Ikiwa ni mkono wetu, asiridhike na kinda mmoja.

Tai hawa wenyewe ni ushahidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa ya DDT ilinyunyizwa mashambani Marekani kwa wingi. Ikaingia majini, ikaingia katika samaki, ikaingia katika tai, na maganda ya mayai yao yakawa membamba hata yakapasuka chini ya uzito wa mama aliyeyaatamia. Mwaka 1963, ukiacha Alaska, zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota. Hapakuwa na kamera hata moja. Hakuna aliyemlilia kinda kwa jina, maana hapakuwa na makinda wa kuwapa majina. Kilichofanyika kilikuwa kazi kavu ya kupima maganda, kuandika ripoti, kubishana na wenye viwanda na kwenda mahakamani, mpaka mwaka 1972 dawa hiyo ikapigwa marufuku katika kilimo cha nchi hiyo. Mwaka 2007 tai hao waliondolewa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na kwa makadirio ya mwaka 2019, ukiacha tena Alaska, zilikuwapo jozi 71,400. Jackie na Shadow wapo kwa sababu ya kazi ile isiyopendeza kutazamwa.

Hapa ndipo swali la wazazi wetu linaporudi nyumbani kwetu, mahali ambapo hakuna kamera. Mwezi Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwa wakati mmoja, kwa kula mizoga ya tembo watatu ambayo majangili walikuwa wameitia sumu. Tumbusi akizunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali mzoga ulipo, na majangili hawapendi kuonyeshwa. Huku Afrika Mashariki sababu mara nyingi ni nyingine. Mfugaji ameliwa ng'ombe na simba au fisi, naye kwa uchungu hutia mabaki ya mzoga sumu ya chengachenga inayouzwa kwa ajili ya wadudu wa shambani. Simba anaweza asirudi. Tumbusi watakuja kwa hakika, pamoja na mbwa wa jirani. Uchungu wa mfugaji tunaujua, kwa kuwa tumekaa katika maboma hayo na kuhesabu hasara pamoja na wenyewe. Ng'ombe mmoja ni ada ya shule ya mwaka mzima. Lakini sumu ile haimchagui mwizi, wala haikai pale ilipowekwa. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walikuwa wakiwatega korongo na bata wa majini kwa dawa ya namna hiyo katika mashamba ya mpunga, na nyama yake ikauzwa ili iliwe na watu.

Tungependa vijana wetu wanaoujua kwa jina kila unyoya wa Big Bear waulize pia ni duka gani la pembejeo hapa sokoni linalopima sumu katika vifuko visivyo na maandishi. Hilo laweza kuulizwa bila kupanda mti wowote, na viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaweza kulipeleka kwa ofisa kilimo wa kata. Sisi tumekwisha kulitaja kwake mara mbili, na tutalitaja tena.

Tena kuna viota vya kamera ambavyo kweli ni vyetu kwa nusu. Korongo weupe wanaozaa juu ya mapaa na nguzo huko Ujerumani na Polandi, wengi wao chini ya kamera, huondoka mwisho wa kiangazi cha huko. Wale wanaopita njia ya mashariki hushuka kupitia bonde la Nile. Kati ya Novemba na Machi wengi wao wako katika mashamba na mbuga zetu wakila panzi na viwavijeshi, kazi ambayo mkulima hailipii. Baadhi yao walivishwa pete mguuni wakingali makinda, yenye namba na jina la kituo kilichowavisha, na huko Ulaya yuko mtu aliyewatazama tangu yai. Anayemkuta korongo wa namna hiyo amekufa asimle, wala asimpe mbwa. Asimguse kwa mikono mitupu. Aisome namba ya pete na kuiandika, pamoja na mahali na tarehe, aipeleke ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Aliye mbali na ofisi hiyo ailete hapa parokiani siku yoyote isipokuwa Jumatatu, nasi tutaituma.